Wachochea Moto Sita

Baba yangu alikubali kupasuliwa mtoto wa jicho siku aliyomwita ng'ombe wa jirani akidhani ni wake. Alisimama malishoni kwetu Isingiro, akaita jina, akapiga mluzi, na ng'ombe akaendelea kula majani kama hajasikia kitu. Jirani akacheka. Jioni ile baba akaniambia, "Mwalimu, nipeleke huko kwenye macho." Tangu nianze kufundisha ananiita mwalimu, nusu kwa heshima, nusu kwa utani. Mimi namwita tata, kama sisi Wanyambo tunavyowaita baba zetu.

Hospitali ilikuwa katika mji wa kando ya ziwa. Tuliondoka kwa basi la alfajiri, tukafikia kwa binamu yangu, na kesho yake akapasuliwa jicho la kulia. Siku iliyofuata wakambadilishia bandeji, wakatuambia turudi asubuhi inayofuata atazamwe kabla ya safari ya nyumbani. Kwa hiyo tulikuwa na siku nzima mikononi. Mzee wa miaka themanini na kitu, jicho moja limefungwa na jingine linaona ukungu, utampeleka wapi akafurahi? Mimi nilijua. Mwalimu mwenzangu alikuwa amenieleza kwamba karibu na bandari kuna jumba dogo la makumbusho, na ndani yake kuna maonyesho mapya kuhusu meli ya Wajerumani iliyozamishwa ziwani wakati wa vita vya kwanza vya dunia.

Lazima nieleze kwa nini habari hiyo ilinichemsha damu. Meli ile niliihesabu kuwa mali ya ukoo wetu. Babu yangu, baba wa tata, alikuwa ndani yake. Alifariki nikiwa na miaka saba, na ninachokumbuka kwake ni vidole virefu na harufu ya samli. Mwenyewe hakuwahi kunisimulia lolote. Niliokota sentensi moja tu kutoka kwa wanawake waliokuwa wakimenya ndizi uani: "Babu yenu alikuwa kwenye meli ya vita." Juu ya sentensi hiyo nikajenga nyumba nzima. Darasa la sita niliandika insha ambamo babu alibaki na mzinga wake mpaka maji yakamfika kifuani, kisha akaogelea hadi nchi kavu. Nilipata zawadi ya daftari kubwa, nikasoma insha ile mbele ya shule. Baadaye nikawa mwalimu wa historia katika sekondari moja karibu na Rubwera, na kila mwaka tukifika kwenye vita vile na kidato cha tatu, nilikuwa nafunga kitabu na kuwasimulia habari za babu. Walikuwa wakinyamaza kimya kwa namna ambayo mwalimu yeyote angeitamani. Hakuna aliyewahi kuniuliza mtoto wa wafugaji wa Karagwe alijifunza wapi kuogelea.

Tata alikuwa akinisikia nikisimulia hata nyumbani, kwa wageni. Alikuwa akitazama chini tu, akikuna fimbo yake. Nilidhani ni unyenyekevu.

Jumba la makumbusho lilikuwa na vyumba vitatu. Mhifadhi alikuwa msichana wa Kihaya, mrefu, mwenye nywele fupi, aliyempa tata shikamoo kwa kupiga goti, kisha akaendelea naye kwa Kihaya, ambacho hakiko mbali na Kinyambo chetu. Tata akalegea mara moja. Msichana akatuonyesha mfano wa meli uliochongwa kwa mbao ndani ya kabati la kioo, mkubwa kama mtumbwi wa mtu mmoja, wenye bomba jeusi katikati na mzinga mmoja mbele. Ukutani palikuwa na ramani ya ghuba, mishale myekundu ikionyesha meli mbili za Waingereza zilivyoingia. Palikuwa na picha za maofisa watatu wenye masharubu, kila mmoja na jina lake na mji aliozaliwa.

Tata alinishika kiwiko. "Nisomee," akasema.

Yeye anasoma Biblia ya herufi kubwa, lakini siku ile herufi zote kwake zilikuwa siafu. Nikaanza kusoma kibao kikubwa kwa sauti ya darasani. Nikasoma jinsi meli hiyo ndogo ya mvuke ilivyotumia kuni kwa kuwa makaa ya mawe hayakupatikana, jinsi ilivyokamatwa ikiwa imetia nanga kwenye ghuba kupakia kuni, jinsi nahodha alivyojaribu kutoka huku mvuke ukiwa mdogo. Nikasoma kwamba mzinga wake ulijibu mapigo hadi kombora lilipopasua boila, tangi lake la mvuke, na kwamba maofisa waliokolewa na kuchukuliwa mateka.

Hapo macho yangu yakatangulia sauti. Kibao kiliendelea hivi: "Wachochea moto sita wa Kiafrika waliokuwa chini ya sitaha walikufa wote. Hakuna Mwafrika aliyekuwemo melini aliyenusurika. Majina yao hayajulikani."

Niliacha kusoma. Kama hakuna aliyenusurika, babu aliyefariki kitandani kwake Isingiro akiwa mzee wa miaka mingi alikuwa nani? Nikafanya jambo ambalo silifanyi hata kwenye mtihani wa mwanafunzi mbaya. Niliruka. Nikasema, "Na huu hapa, tata, ni usukani wenyewe, wa mti mgumu."

"Rudi nyuma," tata akasema.

"Wapi?"

"Ulipopaacha. Nina jicho bovu, masikio ni mazima. Umeruka."

Nikasoma. Mhifadhi aliinamisha kichwa kama watu wanavyofanya msibani. Tata aliuliza kama kuna kitu chochote kilichotolewa kwenye maji, kitu chenyewe, si picha. Msichana akatupeleka chumba cha mwisho. Katikati, juu ya meza yenye kitambaa cheusi, kulikuwa na bamba la chuma lililoliwa na kutu, mraba, upana wake kama mlango wa banda la mbuzi. Wapiga mbizi walikuwa wamelitoa ghubani. Kibao chake kilikuwa kifupi, nikakisoma chote: "Kifuniko cha chumba cha tanuri. Komeo lilikutwa limefungwa."

"Naweza kugusa?" tata akauliza.

"Hairuhusiwi, mzee wangu," msichana akasema. Kisha akamtazama usoni, akaenda dirishani, akawa anarekebisha pazia lisilo na kasoro.

Tata alipapasa bamba lile taratibu, kutoka pembeni kuingia ndani, kama anavyopapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Alipolifikia komeo, mkono ukatulia hapo. Nilisikia meli ya mizigo ikipiga honi bandarini.

"Twende nje," akasema.

Tulikaa kwenye ngazi za mbele, ziwa likiwa ng'ambo ya barabara. Nilimnunulia chai akaishika tu. Alianza kusema kwa Kinyambo, lugha anayotumia kwa mambo mazito, nami hapa nayaweka kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

Alisema babu hakuwa askari. Alichukuliwa pamoja na vijana wengine sita kutoka vilima vyetu, wakabebeshwa mizigo hadi ziwani. Walipofika waliambiwa kazi haijaisha, wakaingizwa kwenye meli kulisha tanuri. Wote saba walikuwa watu wa migomba na ng'ombe. Hakuna aliyejua maji. Kule chini kulikuwa na joto la kuivisha ndizi, na mwenzao mmoja alipotaka kupanda juu kupumua bila ruhusa, wakubwa wakaagiza kifuniko kiwe kinafungwa kwa komeo kutoka juu wakati wa kazi. Anayetumwa juu ndiye aliyekuwa na zamu ya kulifunga akitoka.

"Siku ile wakatia nanga kuchukua kuni," tata akasema. "Kuni zilikuwa nchi kavu, wapasuaji wakawa wazembe. Mzungu mmoja akaita kutoka juu, mtu mmoja aje akawahimize. Baba yangu ndiye aliyekuwa karibu na ngazi. Akapanda. Akaambiwa funga. Akafunga."

Aliweka kikombe chini.

"Alipokuwa kwenye kilima, kwenye magogo, zile meli mbili zikatokea nyuma ya rasi. Aliona kila kitu. Aliona Wazungu wakishuka kwa kamba kwenye mashua. Alikuwa anatazama lile bamba tu. Alisema hakuacha kulitazama mpaka maji yalipolifunika. Hakuna aliyelifungua."

"Na yeye?"

"Alitembea. Siku ngapi hakujua. Aliingia Karagwe akiwa amevaa gunia."

Nilipokuwa nikimsikiliza, nilikumbuka nyumba ya babu. Milango yake yote ilikuwa haina komeo wala kitasa. Usiku ilikuwa ikiegemezwa tu kwa kigogo upande wa ndani, na bibi alikuwa akilalamika juu ya wezi wa mbuzi. Sisi watoto tuliambiwa mzee hapendi vyuma. Nilimwambia tata jambo hilo, akaitikia kwa kichwa. Alisema mjomba wake aliwahi kununua komeo zuri dukani akalipigilia kama zawadi, na babu akaling'oa kwa panga siku hiyohiyo na kulitupa chooni, bila kugombana na mtu.

"Kwa nini uliniacha miaka yote hii nidanganye watu?" nikamuuliza. Nilijaribu kusema kwa upole, lakini ilitoka kwa ukali.

"Aliniambia akiwa kitandani, anakufa. Wewe ulikuwa mdogo. Baadaye ukaja na insha yako. Uso wako ulikuwa unang'aa." Akafikiri kidogo. "Na mimi pia, nilipokuwa nakusikia, nilimpenda yule babu wako wa kwenye mzinga. Nilitamani angekuwa yule."

Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na aibu, na mzee mwenyewe amefungwa jicho moja, anapepesa jingine kwa ajili ya mwanga wa ziwa.

Baada ya muda akasema, "Yule binti ndani anasema majina hayajulikani. Yanajulikana."

Babu alikuwa akiyataja kila alfajiri wakati wa kukamua maziwa, jina la mtu na la baba yake, moja baada ya jingine, kwa mdundo wa maziwa yanapogonga chombo. Tata na dada yake, wakiwa watoto, waliyashika wakidhani ni majina ya ng'ombe wa zamani. Tulirudi ndani. Msichana akachukua karatasi na kalamu, tata akafumba jicho lake lisilo na bandeji, mikono ikaanza kujifungua na kujifumba kama anayekamua, na majina yakatoka. Yalitoka matano. La sita halikutoka. Alianza upya mara nne, na kila mara alikwama palepale.

"Watano nao ni wengi, mzee," msichana akamwambia.

"Walikuwa sita," tata akasema.

Msichana aliahidi kuwaeleza wakubwa wake, akatuonya kwamba wao hutaka karatasi, si sauti. Kabla hatujaondoka alinivuta pembeni akauliza kama kuna jambo jingine mzee alilolijua kuhusu lile bamba. Nilimtazama tata aliyekuwa akisubiri mlangoni. Nikasema hapana.

Tuliporudi nyumbani tulipitia Bugene kwa shangazi, dada yake tata, ambaye sasa hatoki kitandani ila ulimi wake ni mkali kama zamani. Nilimwuliza jina la sita. Akalitaja palepale. Tata akasema hapana, hilo ni jina la mtu aliyekuwa akituuzia chumvi. Wakabishana tangu chai mpaka chakula, watu wawili wenye miaka zaidi ya mia na sitini kwa pamoja, kila mmoja akikamua hewa kwa mikono ili kuthibitisha mdundo wake. Hawakuafikiana. Hadi leo jina la sita linaelea kati yao.

Shuleni nilikaa wiki mbili bila kusema kitu. Kisha zamu ya kidato cha tatu ikafika. Niliwaambia kwamba wale waliowatangulia niliwasimulia habari ya babu yangu na mzinga, na kwamba habari hiyo haikuwa kweli. Babu alikuwa mchochea moto aliyekuwa nchi kavu meli ilipozama.

Msichana mmoja wa bweni, anayekaa dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Mwalimu, dada yangu ulimfundisha. Kwa hiyo ulimdanganya?"

Nilitaka kusema nilidanganya bila kujua. Ndivyo nilivyofungua kinywa niseme. Lakini nilijua tangu utoto kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniambia habari za mzinga. "Ndiyo," nikasema. "Nilijua kwamba sijui, nikasema hivyohivyo."

Waliandika hilo kwenye madaftari yao, sijui kwa nini. Kisha nikaandika ubaoni majina matano, nikawaomba kila mmoja ayapeleke nyumbani likizo akawaulize wazee. Kuhusu komeo sikusema neno. Nilijiambia si langu.

Likizo ilipoisha, mzee mmoja alifika kwetu Isingiro kwa bodaboda kutoka Bugene. Alikuwa na umri wa miaka sabini hivi, mkulima wa kahawa, suruali imepigwa pasi ikakatika mistari, rozari imechungulia kwenye mfuko wa shati. Alikuwa babu wa yule msichana wa dawati la mbele. Tulimkaribisha chini ya paa la mbele, mke wa kaka yangu akaleta maziwa. Mgeni aliyaweka kando, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akaonyesha jina la tatu.

"Huyu ni baba wa baba yangu," akasema.

Tata alisogeza kiti. Mgeni akaeleza polepole, kwa namna ya mtu aliyelirudia jambo njiani. Kwao walijua kwamba mtu huyo alitoroka. Alichukuliwa kubeba mizigo, wapagazi wengine wa msafara ule wakarudi, yeye hakurudi, na ikasemwa amepata mwanamke kando ya ziwa. Mkewe alikuwa mjamzito. Ndugu wa mume wakachukua kibanja, shamba lake la migomba, mwanamke akarudi kwao, mtoto akazaliwa huko.

"Baba yangu amekufa akiitwa mtoto wa mtoro," mgeni akasema. "Kwenye harusi, kwenye kesi ya mpaka wa shamba, mtu akikasirika, ndilo neno la kwanza. Mimi pia nimeitwa mjukuu wa mtoro. Sasa mtoto anakuja kutoka shule ananiambia hakutoroka, alizama. Nimekuja kuuliza kama ni kweli."

"Ni kweli," tata akasema. "Hakutoroka."

Mgeni aliuficha uso kwa viganja. Tulimwacha. Nilifikiri hapo ndipo pa kuishia, na nilikuwa tayari kumwomba anywe maziwa, nilipomwona tata anajiweka sawa kitini, na nikajua anataka kufanya nini.

"Tata," nikamwambia kwa sauti ya chini, "si lazima."

"Wewe uliruka mstari," akanijibu kwa sauti ya kawaida, mgeni akisikia. "Mimi nisiruke."

Akamweleza habari za komeo. Hakuongeza kitu na hakupunguza. Alisema baba yake aliamriwa akafunga, na kwamba aliyefunga ni baba yake, na alizisema sentensi zote mbili kwa uzito uleule. Mgeni alisikiliza akiwa ameangalia uani, mahali kuku walipokuwa wakichakura.

"Aliweza kurudi akafungue?" akauliza mwishowe.

"Alikuwa kilimani. Maji yalikuwa katikati."

"Kabla ya hapo. Aliweza kuacha wazi?"

"Angepigwa," tata akasema. "Lakini aliweza."

Mgeni alikunja karatasi yake, akashukuru, akaondoka bila kugusa maziwa. Kwetu, kuacha maziwa ya mwenyeji ni jambo linalosikika kuliko matusi. Mke wa kaka alikuja akayachukua. Mimi niliudhika. Nilimwambia tata kwamba mtu yule nusu ya ukweli ingemtosha, kwamba alikuja kutafuta heshima ya baba yake, naye amempa na mzigo. Tata akasema, "Nimebeba miaka arobaini. Yeye ana mabega." Hatukuzungumzia tena jambo hilo. Lakini kwa wiki kadhaa alikuwa akigeuka kila pikipiki ilipokata kona kuja kwetu, na jicho lake jipya lilikuwa linaona mbali.

Kule makumbusho yule mhifadhi alinipigia simu. Wakubwa wake walikuwa wamekubali kubandika karatasi moja chini ya kile kibao: majina matano, na juu yake maneno "kwa simulizi ya familia moja ya Karagwe." Mstari wa sita ulikuwa na nukta tu. Aliniuliza tena, kwa adabu, kuhusu komeo, na safari hii nilimwambia nitamuuliza mzee. Tata alifikiri siku tatu. Jibu lake lilikuwa kwamba watu sita wana ndugu, na ndugu wasisikie jambo kama hilo kutoka ukutani. Waambiwe kwanza na mtu aliyeketi mbele yao. Kwa hiyo hadi sasa ukuta haujui. Ninaliandika hapa kwa ruhusa yake, bila jina la mtu yeyote, ili asiwepo wa kulisoma akalitambua kuwa la kwao kabla hatujamfikia.

Mwaliko ulikuja kupitia yule mwanafunzi. Aliniletea bahasha ofisini mwa walimu, akasema babu yake amesema ni ya mzee wetu. Ilikuwa ibada ya kumkumbuka mtu yule, nyumbani kwao Bugene, Jumamosi. Tata ni Mlutheri wa kufa na kupona, na ibada ilikuwa ya Kikatoliki, lakini alivaa koti lake la Krismasi na kofia, akawa tayari tangu asubuhi kabla hata sijachemsha chai.

Katikati ya migomba walikuwa wamesimika msalaba wa mbao pembeni ya kaburi la saruji la yule aliyeitwa mtoto wa mtoro. Hapakuwa na mwili, kwa hiyo hawakuchimba. Padri alisoma, kwaya ndogo ikaimba, sisi tukakaa nyuma kabisa kwenye benchi la shule lililoazimwa. Wakati wa kutaja jina ulipofika, yule mzee wa kahawa akasimama, akatafuta kwa macho, akasema, "Mtoto wa mtu aliyerudi yuko hapa. Aje atutajie, yeye ndiye aliyelisikia."

Tata alikwenda mbele kwa fimbo yake. Alilitaja jina la mtu na la baba yake, mara moja, kwa mdundo uleule. Watu waliitikia. Alipogeuka arudi, bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka, dada mkubwa wa mzee wa kahawa, alimshika pindo la koti. Alikuwa mdogo kwa umbo, macho yamezama ndani, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe.

"Baba yako alimjua," akasema. "Alisema chochote juu yake? Baba yetu alikuwa anauliza hata siku ya mwisho, mtu huyo alikuwa mtu gani. Hatukuwa na cha kumwambia."

Nilimwona tata akitafuta. Nilihofu atasema hakumbuki, maana ndivyo ilivyokuwa. Majina tu ndiyo aliyoachiwa. Lakini mikono yake ikaanza ile kazi yake, kufungua na kufumba, na midomo ikapita majina yote matano bila sauti, kisha ikarudi kwenye la tatu ikasimama hapo.

"Alipolitaja hili," akasema, na alikuwa kama anasikiliza mtu aliye chumba cha pili, "alikuwa anaongeza neno. Mengine hakuongeza. Alikuwa anasema, 'aliyehesabu mwezi.' Sisi tulidhani ni ukoo."

Bibi hakuachia koti.

"Kule chini walikuwa hawaoni anga," tata akaendelea. "Nadhani babu yenu alikuwa anauliza kila anayeshuka kutoka juu, mwezi umefika wapi. Kwa sababu ya mimba. Alikuwa anataka kujua mtoto atazaliwa lini."

Padri alikuwa amefunga kitabu chake, anasubiri.

"Rudia," bibi akamwambia.

Tata akainama karibu na sikio lake, akarudia.